Mfugaji wa Tabora na Soko la Maziwa, tangu Misafara hadi Soko Huria

Serikali inapoliachia soko la maziwa, yaani inapoacha kupanga bei, kugawa wateja na kumiliki viwanda, swali la kwanza huwa ni nani atakayebeba hasara ya mfugaji katika kipindi cha mpito. Nchini Australia swali hilo lilijibiwa kwa fedha taslimu. Vizuizi vya bei vilipofutwa tarehe 1 Julai 2000, ilianzishwa tozo ya senti 11 za huko kwa kila lita ya maziwa iliyouzwa dukani, na kutokana na tozo hiyo wafugaji walilipwa zaidi ya dola bilioni 1.6 za Australia, kila robo mwaka kwa muda wa miaka minane, kwa kufuata kiasi cha maziwa ambacho kila mmoja alikuwa akiuza kabla ya mageuzi. Aliyetaka kuacha ufugaji kabisa aliweza kuomba malipo maalumu ya kumwezesha kuondoka. Katika Tanzania mageuzi ya namna hiyo yalitangulia kwa miaka kadhaa, na katika Mkoa wa Tabora yalipita bila fidia ya aina yoyote. Tofauti hiyo haielezwi na uchache wa fedha za hazina peke yake. Fidia huhitaji daftari linaloonyesha nani aliuza lita ngapi na kwa bei gani, na Tabora daftari hilo halikuwapo, kwa sababu soko lililoachiwa huru halikuwa limemwingiza mfugaji wake hata kidogo. Namna jambo hilo lilivyotokea, katika nchi yenye ng'ombe wengi na desturi ya maziwa ya miaka mingi, ni historia inayostahili kufuatiliwa tangu zama za misafara.

Tabora ilikua ndani ya Unyanyembe, moja ya dola za Wanyamwezi, na kufikia katikati ya karne ya 19 ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo, kisha ikagawanyika, tawi moja likielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na jingine likipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mji wa namna hiyo, wenye wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliokaa miaka kadhaa mfululizo, na wapagazi waliopita kwa maelfu, ulihitaji chakula kingi, na ng'ombe walikuwa sehemu ya utajiri wa kila mkubwa aliyekaa hapo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, mnamo Novemba 1857, aliandika kwamba maziwa yalithaminiwa na watu wote wa njia hiyo, kwamba yalinywewa yakiwa mabichi, yakiwa yamesukwa na kutolewa siagi, au yakiwa mtindi, na kwamba wako walioishi kwa maziwa karibu peke yake wakati wa masika, malisho yanapokuwa tele. Miaka 15 baadaye mmisionari David Livingstone, aliyebaki Kwihara nje kidogo ya Tabora baada ya kuagana na Henry Stanley mwezi Machi 1872, akawangoja wapagazi wa kutoka pwani hadi Agosti, alitengeneza jibini za safari kwa kuyaacha maziwa yagande yenyewe, akabainisha kwamba katika joto la huko nusu siku ilitosha.

Nusu siku hiyo ndiyo kipimo cha uchumi mzima wa maziwa wa magharibi mwa Tanzania. Maziwa yanayoganda kati ya asubuhi na jioni hayawezi kubebwa kutoka kwenye mbuga ya Wembere hadi sokoni Tabora, wala kutoka Nzega hadi kwenye kambi ya msafara, ila yageuzwe kuwa kitu kingine kwanza. Kitu hicho kilikuwa samli. Maziwa yalimiminwa kibuyuni yakaachwa yachachuke, kisha kibuyu kikasukwasukwa, mara nyingi na wanawake, hadi chembe za siagi zikajikusanya juu. Siagi ikaoshwa kwa maji, ikayeyushwa juu ya moto mdogo hadi maji yote yakaisha kwa mvuke na mashapo yakatuama chini ya chungu, na mafuta yaliyobaki, ya rangi ya dhahabu, yakachujwa na kuhifadhiwa kwa miezi bila kuharibika. Mfugaji aliuza mafuta, ambayo ndiyo yaliyokuwa na bei na yaliyoweza kusafiri, na watoto wake wakabaki na maziwa yaliyotolewa siagi, yenye protini karibu yote. Ugawaji huo ulikuwa wa busara kuliko mingi iliyobuniwa baadaye katika ofisi za serikali, kwa kuwa soko na nyumba havikugombea kitu kimoja.

Ufugaji katika sehemu nyingi za Unyamwezi ulishirikisha pia Watusi, wafugaji waliohamia kutoka upande wa magharibi, ambao waliwachunga ng'ombe wa watemi na wa matajiri, na kwao maziwa yalikuwa sehemu ya ujira. Mtemi, ambaye ni mtawala wa jadi wa Wanyamwezi, alikuwa kwa maana hiyo mwenye mali aliyegawa ng'ombe ili apate watu, na si mwenye mali aliyekusanya maziwa ili ayauze. Utaratibu huo ulitikiswa mara tatu katika muda wa nusu karne. Vita vya Mirambo wa Urambo dhidi ya Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, viliandamana na uporaji wa mifugo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, maradhi ya virusi yaliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki yote. Na pale ambapo ng'ombe walikufa na watu wakahama, miombo ilirudi, na pamoja na miombo wakarudi mbung'o, wadudu wanaoeneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Ndiyo maana hadi leo ramani ya ng'ombe wa Tabora imegawanyika: Igunga na Nzega, kwenye nyanda za wazi za kaskazini, zina mifugo mingi, ilhali kusini na magharibi, kuelekea Sikonge, Urambo na Kaliua, misitu ilibaki kwa muda mrefu ni nchi ya asali na baadaye ya tumbaku.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilimaliza kazi ya wapagazi lakini haikubadili tatizo la maziwa, kwa kuwa behewa lisilo na ubaridi halina msaada kwa kitu kinachoganda kwa nusu siku. Utawala wa Waingereza ulioingia baada ya Vita Kuu ya Kwanza uliliona jambo hilo, na Idara ya Mifugo ikaelekeza nguvu kwenye samli, hasa katika nchi ya ng'ombe iliyo kusini na mashariki mwa Ziwa Viktoria, kwa kuhimiza vituo vya pamoja vyenye mashine za kuzungusha zinazotenganisha krimu na maziwa, na kwa kuweka kanuni za usafi na madaraja ya ubora. Huo unaweza kuhesabiwa kuwa msaada wa kwanza wa serikali kwa mfugaji wa maziwa wa kanda hii, na sifa yake njema ni kwamba ulianzia kwenye kitu ambacho mfugaji alikuwa tayari anakijua na kukiuza. Kasoro yake ni kwamba serikali ilitazama zaidi mnunuzi na ukaguzi, huku ng'ombe mwenyewe, zebu mwenye pembe fupi anayebakiza kwa binadamu lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kunyonya, akiachwa kama alivyokuwa.

Jitihada ya kumbadili ng'ombe huyo ilifanyika mashariki zaidi, kwenye njia ileile ya misafara. Mpwapwa, kituo ambacho misafara ilipumzika kabla ya kuingia kwenye ukame wa Ugogo, paligeuzwa kuwa makao ya utafiti wa mifugo, na hapo kuanzia miaka ya 1930 wataalamu walichanganya damu ya zebu wa Tanganyika na ya Sahiwal na Red Sindhi wa kutoka Bara Hindi, wakaongeza Boran, Ankole na Ayrshire, hadi kufikia mwaka 1958 likawapo kundi la mbegu lililotambuliwa kuwa ng'ombe wa Mpwapwa. Alikusudiwa kuwa ng'ombe wa nyama na maziwa kwa nchi kavu ya katikati, anayestahimili joto na malisho hafifu, akitoa maziwa zaidi ya zebu bila kudai matunzo ya ng'ombe wa Ulaya. Kama palikuwapo mnyama aliyeifaa Tabora ni huyu, na ni jambo la kusikitisha kwamba kundi lake halikupata kukuzwa kwa wingi wa kuwafikia wafugaji wa kawaida wa Nzega au Igunga. Fedha nyingi za zama hizo zilikwenda kwingine: mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951 ulifyeka ardhi Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukashindwa, na baada ya hapo Kongwa ikawa nchi ya ranchi za ng'ombe wa nyama na Urambo ikawa nchi ya tumbaku.

Baada ya uhuru serikali ilitunga Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 1965, iliyounda bodi ya taifa ya kusimamia uzalishaji na uuzaji wa maziwa. Miaka tisa baadaye, katika wimbi la mashirika ya umma lililofuata Azimio la Arusha, ikaanzishwa Mamlaka ya Maendeleo ya Mifugo, na chini yake makampuni ya serikali yakagawana kazi: NARCO kwa ranchi, DAFCO kwa mashamba ya ng'ombe wa maziwa, na kampuni ya Tanzania Dairies Limited, iliyojulikana kwa kifupi kama TDL, kwa viwanda. TDL ilimiliki viwanda saba, navyo vilikuwa Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Musoma, Utegi, Mbeya na Tabora. Kuwamo kwa Tabora katika orodha hiyo kulikuwa na maana kubwa machoni pa watu, kwa sababu mji wa kale wa njia panda ulipata kiwanda chake, na kwa mara ya kwanza palikuwapo mahali ambapo maziwa mabichi ya nchi hiyo yangeweza kupokewa, kupimwa, kuchemshwa kwa kipimo na kupozwa.

Viwanda hivyo, hata hivyo, havikuishi kwa maziwa ya wafugaji. Vililishwa kwa kiasi kikubwa na msaada wa chakula uliopitia Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, uliokuja kwa umbo la unga wa maziwa yasiyo na mafuta pamoja na mafuta ya siagi, ambavyo vilichanganywa na maji ndani ya kiwanda ili kupata maziwa yaliyoundwa upya. Kusudi lililotajwa lilikuwa jema, kwani fedha zilizopatikana kwa kuuza maziwa hayo zilitakiwa zisaidie kuukuza ufugaji wa ndani, na wakazi wa miji walipata maziwa salama kwa bei waliyoimudu. Kwa meneja wa kiwanda, lakini, unga ulikuwa mgavi mwaminifu kuliko mfugaji: haukujua kiangazi, haukuganda njiani, haukuhitaji lori la kukusanyia lita tano hapa na kumi kule kwenye barabara za vumbi, na ulikuja karibu bure. Mfugaji alipangiwa bei moja na serikali, chini ya utaratibu wa Tume ya Bei ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1973, bei ambayo mara nyingi ilikuwa chini ya ile aliyolipwa na jirani, na mwenye hoteli ya chai au mchuuzi mwenye baiskeli alimlipa papo hapo. Hakuna mfugaji mwenye akili timamu ambaye angekwenda kiwandani katika hali hiyo, na wengi hawakwenda.

Hapa linganisho na tumbaku ya mkoa huohuo linafundisha mengi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge aliandikishwa, akapewa mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia chama chake, akapimiwa mzigo wake kwa daraja na kukatwa deni kwenye malipo. Hata alipodhulumiwa, dhuluma hiyo ilikuwa na karatasi, na mageuzi yalipokuja alikuwa na chama cha ushirika cha kumsemea na, kwa sheria ya mwaka 2001, bodi ya kusimamia zao lake. Mfugaji wa Nzega hakuwa na karatasi yoyote. Serikali ilimwona kwa njia ya josho la kuogeshea ng'ombe, kwa njia ya chanjo na kwa njia ya kodi, na katika miaka ya vijiji vya ujamaa ilimwona pia kama mtu ambaye makundi yake yanaharibu mpango wa makazi, lakini haikumwona kama muuza maziwa. Msaada uliokuwapo ulikuwa wa kiwanda na wa mnywaji wa mjini. Huu ndio uamuzi uliozaa matatizo mengi ya baadaye, nao ulifanywa miaka mingi kabla ya soko kuachiwa.

Kuachiwa kwenyewe kulikuja hatua kwa hatua. Kuanzia Mpango wa Kufufua Uchumi wa mwaka 1986 serikali ilipunguza orodha ya bidhaa zenye bei ya kupangwa, ikaruhusu watu binafsi kuingia katika biashara zilizokuwa za mashirika, na ikaanza kuwataka wafugaji wachangie gharama za dawa za josho na huduma za mifugo ambazo awali zilitolewa bure au kwa bei ya chini. Msaada wa unga ulipokoma, viwanda vya TDL vilibaki na mitambo chakavu, madeni na maziwa machache mno. Mwaka 1992 iliundwa Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, iliyokuwa na kazi ya kuuza au kufunga mashirika, na katika muongo huo viwanda vya maziwa navyo viliingia mikononi mwa watu binafsi au vikasimama. Kwa hiyo mfugaji wa Tabora hakupoteza bei ya serikali, ambayo hakuwa akiipokea. Alichopoteza ni dawa ya kupe ya bei nafuu, na hasara hiyo ilimgusa moja kwa moja, kwa sababu ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, huua ndama kwanza, na mahali pasipo na ndama hapana maziwa.

Mikoa mingine ilipata msaada wa mpito wa namna tofauti. Tanga, kwa ushirikiano na Uholanzi ulioanza miaka ya 1980, wafugaji wadogo walipewa mitamba, yaani ng'ombe majike ambao bado hawajazaa, kwa utaratibu unaofahamika kama kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo aliyepokea mtamba hulipa kwa kumpa mwenzake ndama jike. Vyama vyao vikaungana, vikajenga vituo vya kukusanyia maziwa vyenye matangi ya kupozea, na katikati ya miaka ya 1990 kikazaliwa kiwanda ambacho wafugaji wenyewe wana hisa ndani yake. Kagera na nyanda za juu za kusini nazo zilikuwa na miradi yao ya wafadhili. Miradi hiyo ilichagua nchi yenye mvua, migomba na baridi ambako ng'ombe mwenye damu ya Ulaya huishi, na uchaguzi huo unaeleweka kitaalamu. Lakini matokeo yake ni kwamba mikoa yenye ng'ombe wengi zaidi wa asili, Tabora ikiwamo, ilivuka kipindi cha mageuzi bila mradi wa kuivusha. Jirani naye alipitia njia nyingine: Kenya ilifuta upangaji wa bei mwaka 1992, shirika lake kongwe la maziwa, KCC, lililoanzishwa mwaka 1925, likaporomoka mwishoni mwa muongo huo, na mwaka 2003 serikali ikalirudisha kwa jina la New KCC. Huko mfugaji alikuwa ameshazoea kupeleka maziwa kiwandani, kwa hiyo kuanguka kwa kiwanda kulikuwa janga la kisiasa ambalo hakuna serikali ingelipuuza. Tabora kiwanda kiliposimama, kilio kilikuwa kidogo, na ukimya huo ulitafsiriwa vibaya kuwa ishara kwamba hapakuwa na mahitaji.

Sheria mpya ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Maziwa Tanzania, chombo kisichonunua wala kuuza bali husajili wadau, kusimamia ubora na kuhamasisha unywaji, hasa kwa Wiki ya Maziwa inayofikia kilele tarehe 1 Juni na kwa mpango wa maziwa shuleni. Msaada wa serikali tangu hapo umechukua sura kadhaa: ruzuku ya dawa za kuogeshea, uhimilishaji, ambao ni upandishaji wa ng'ombe kwa mbegu iliyohifadhiwa badala ya dume, mitamba kutoka mashamba ya kuzalisha mifugo kama Mabuki mkoani Mwanza, na mikopo na dhamana za Benki ya Maendeleo ya Kilimo iliyozinduliwa mwaka 2015. Zote ni njia zinazofaa, lakini kila moja inadai kitu ambacho mfugaji wa mbugani hana kwa urahisi. Uhimilishaji unadai mtaalamu afike ndani ya saa chache tangu ng'ombe aonyeshe dalili za joto; mtamba wa kisasa anadai maji na majani yaliyohifadhiwa kwa kiangazi kinachodumu kuanzia Mei hadi Oktoba; benki inadai mauzo yanayoweza kuthibitishwa, jambo linalorudisha tena swali la daftari.

Wakati huohuo sehemu kubwa mno ya maziwa ya Tanzania, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi kwa makadirio yanayotumiwa na wadau wenyewe, haipiti kiwandani, na katika miji ya magharibi biashara hiyo inabebwa na wachuuzi wanaofunga madumu ya plastiki kwenye baiskeli na pikipiki alfajiri na kuyafikisha kwenye migahawa kabla jua halijapanda. Kanuni zinataka chombo cha chuma kisichoshika kutu au cha aluminiamu, kinachosafishika hadi kwenye kona zake, na kanuni hiyo ina msingi, maana dumu lenye shingo nyembamba halioshwi ndani na bakteria wa jana huharibu maziwa ya leo. Lakini chombo hicho kina bei ya juu mara nyingi kuliko dumu, na mchuuzi anayenyang'anywa mzigo kwa kukosa chombo huacha kwenda kwa mfugaji wa mbali, akabaki na wale wa pembezoni mwa mji. Msaada mmoja mdogo ambao historia yote hii inauelekezea, nao haujapata kutolewa kwa upana, ni ule wa kumpa mchuuzi huyo chombo kwa mkopo, laktomita ya kupimia kama maziwa yameongezwa maji, na kitabu cha kuandikia lita za kila mfugaji anayemkusanyia. Wembere bado ina malisho wakati wa masika, maziwa yanapokuwa mengi hadi bei inashuka na mengine kumwagwa, na samli bado inapikwa majumbani. Kituo cha kupozea, kama kingejengwa Igunga au Nzega, kikipokea maziwa mabichi miezi ya mvua na siagi miezi mingine, kingekuwa na wateja na wagavi tangu siku ya kwanza.